Jiwe la Shangazi Makumbushoni

Makumbusho ya historia hapa mtaani kwetu Butembo yalianzishwa na walimu wastaafu waliochokwa na wake zao nyumbani. Hakuna aliyelipwa, na ndiyo maana kila mmoja alikuwa na cheo. Mimi nilikuwa makamu wa katibu. Tulipewa ghala kuukuu la kahawa, tukalifagia, tukatundika ngozi moja na mkuki mmoja. Watu walikuja mvua ilipowakuta njiani.

Kisha vita vya upande wa Beni vikatusaidia. Naomba radhi, lakini mwenyekiti wetu alisema hivyo hivyo mkutanoni, ila kwa maneno matamu: mkusanyo unakua. Waliokimbia walipanga vyumba visivyotosha vinu na mitungi yao, wakasikia kuna ghala kavu, lenye kufuli na wazee wa kuaminika. Wakaleta vitu vyao vitunzwe. Sisi tukavipokea kwa makofi, tukabandika vikaratasi.

Shangazi yangu naye alileta jiwe lake la kusagia ulezi. Wenzake walikimbia na magodoro. Yeye alipakia jiwe kwenye pikipiki, tukamcheka mpaka basi. Jikoni kwangu halikuenea. Makumbushoni likawekwa katikati, likazungushiwa kamba.

Mwaka huu akasikia baadhi ya majirani zake wamerudi kulima. Akaenda kudai jiwe lake. Mwenyekiti, mtu mpole sana asipopingwa, akamwambia:

"Mama, hii jiwe iko patrimoine sasa, ni urithi ya bote, haiwezi toka. Na bageni banakuja siku ya posho."

Siku hiyo ya posho, yaani Jumamosi, wageni walipoingia, shangazi alikuwa tayari ndani ya kamba, amepiga magoti, anasaga. Wakampiga picha. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akatangaza kwamba ni onyesho la utamaduni tulilowaandalia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Shangazi hakusoma. Akakinyooshea kidole kikaratasi kilichokuwa mbele yake, akaniuliza:

"Banaandika nini hapa?"

Nikamsomea: "Jiwe la mababu zetu wa kale. Zawadi."

Akakung'uta unga mikononi, akamtazama mwenyekiti.

"Mababu? Donc mimi nilikufaka siku gani? Na mulinizika wapi?"

Picha zikakoma. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, halafu akainama kufungua kamba. Tulilibeba jiwe mimi na yeye hadi kwenye pikipiki, tai yake ikajaa unga. Tangu hapo wenye vinu nao wanakuja kuvidai kabla hatujawazika, na mkusanyo wetu mtukufu unapungua vizuri sana.

Shangazi bado hajarudi kwao. Tunasema barabara imeharibika tena, maana yake watu wanauawa tena. Jiwe liko jikoni kwangu, hatuna pa kupita, na kelele zake zinaniamsha kila asubuhi. Nalalamika, kama kawaida yangu. Lakini ninachomwomba Mungu ni niamke siku moja nikute jikoni kimya, nafasi tele, na jirani aniambie amemwona shangazi amepakia jiwe lake, pikipiki inaelekea Beni.