Fundi Msaraiki na Kanzu za Idi

Sisi tuliokulia Ibra, Omani, zamani hizo, kanzu ya Idi hatukuinunua dukani; tulishonewa. Tulikwenda kupimwa vidole vikinata halwa, na fundi akatuchapa kwa utepe wake kila tulipogusa kitambaa.

Fundi wetu alikuwa jirani, ukuta kwa ukuta, katoka pande za Multan, Pakistani. Tulimwita Saini, maana kwao ndiyo "bwana". Ukimwita Mpunjabi, alisimamisha cherehani.

"Mimi Saraiki," alisema kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. "Lugha yangu mbali. Tamu."

Bibi yetu, mzaliwa wa Unguja, alimwelewa sana, kwani yeye naye sokoni aliitwa Mzinjibari na ndugu zake wa damu. Tena aliipenda b ya Saini, ile ya kuvutwa ndani kama yetu tunaposema "baba".

"Hiyo Mwarabu haiwezi," alisema Bibi, naye Mwarabu.

Siku chache kabla ya Idi kubwa, Saini alikuja mbio mlangoni. Mbuzi wake wa kuchinja alikuwa ameingia dukani, na kwa kihoro neno la Kiarabu likampotea, akatumia la kwao: bakri.

"Mama, bakri amekula kanzu."

Bibi akasikia Bakari. Na Ami Bakari, mwanawe mkubwa, ulafi wake ulijulikana mpaka Nizwa.

"Amekula ngapi?" akauliza Bibi.

"Mbili. Na mkono wa ya tatu."

Bibi hakustaajabu, aliona haya tu. Akachukua ufagio, akamfuata ami alikolala, akamtandika.

"Mtu mzima wewe, wali haukutoshi?"

Ami, ambaye kweli alikuwa kamaliza sambusa za wageni jikoni, akaomba radhi papo hapo. "Nisamehe, mama. Njaa ilinizidi."

Hapo mbuzi akapita uani, kola inaning'inia mdomoni. Saini akamnyooshea kidole. "Bakri." Bibi alicheka hadi akakaa chini. Idi ile nilivaa ile kanzu ya tatu, mkono mmoja mweupe, mmoja rangi ya maziwa, nikajiona sultani.

Saini karudi kwao, Bibi katangulia mbele ya haki. Vijana wa leo huagiza kanzu kwa simu, na kila Mpakistani kwao ni Mhindi tu. Juzi nilimwambia binti yangu kwa Kiswahili, "Niletee chai, mama." Akaniletea chaja ya simu. Nikaipokea, nikamshukuru, alau "niletee" aliifahamu.