Nilivyomruka Mama Kavira kwenye zamu ya Bikira Maria

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenipata mwenyewe hapa Bwera, mpakani na Kongo, sijasimuliwa na mtu. Mke wangu ndiye kanisukuma niandike.

Mimi ni askari mstaafu. Kwetu ni Mahango, mlimani, ila nimejenga Bwera. Ni mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki mtaani, na nikiri tu, naiendesha kama kambi. Ukichelewa rozari nakuuliza mbele za watu.

Mwezi wa Oktoba sanamu ya Bikira Maria huzunguka, kila nyumba inalala siku moja. Zamu naandika mimi.

Sasa yupo Mama Kavira, Mkongo aliyekimbia vita huko Beni, anauza mawese sokoni. Misa hakosi, lakini komunyo hapokei hata siku moja. Watu wakipanga mstari, yeye anabaki benchi la nyuma.

Nikasema huyu ana lake jambo. Labda anaishi na mume wa mtu! Jina lake nikaliruka. Alipouliza, nikamjibu mbele ya jumuiya nzima kwamba Mama Maria hawezi kulala popote tu.

Hakubishana. Kesho yake nikipita sokoni akaniita, akanipa kigoda.

"Afande, sijakasirika. Miye siko na bwana. Niko na mutu sijamusamehe, kaka yangu. Siku ya kukimbia alikatala kutubeba mu motokari yake, mutoto yangu akafia mu njia. Kwa Baba Yetu, nikifika pa kusamehe, ninanyamaza. Sasa nitapokea Yesu namna gani? Nilitaka tu Mama Maria alale kwangu, anisaidie."

Jamani, niliona aibu.

Maana nina mdogo wangu wa damu kule Mahango. Miaka sita hatusalimiani, kisa mpaka wa shamba la kahawa. Na miaka yote hiyo napokea komunyo, tena wa kwanza kwenye mstari, mikono nimeikunja vizuri!

Jioni ile nikabeba sanamu mwenyewe mpaka kwake, nikamwomba msamaha mbele ya walewale walionisikia.

Jumapili, mstari ulipopangwa, nikaenda benchi la nyuma. Watu wakageuka kunitazama. Ndipo nikajua anavyojisikia mtu akikaa pale. Mama Kavira akasogea, akanipa nafasi.

Jumatatu nikapanda boda mpaka Mahango. Mdogo wangu alikuwa anaanika kahawa. Kuniona tu, uso ukambadilika.

"Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, nimekuja kukusalimia. Mwanaume mzima akakaa chini kwenye turubai, akalia. Na mimi afande nikakaa pembeni yake, nikalia vilevile.

Wakuu, kabla hujachunguza kwa nini mwenzako hapokei, chunguza wewe unapokea na nini moyoni. Mama Kavira bado anapambana na lake, mwombeeni.

Na wewe unayesoma, je, yupo mtu ambaye ukimtokea leo mlangoni atadhani umeleta msiba? Sema hapo chini, hatukucheki.