Jina Kutoka Shamba la Njugu

Mjukuu wangu alipoletwa nyumbani kutoka hospitali, dada yangu ndiye aliyempokea mlangoni. Alifunua shuka kidogo, akamtazama usoni, kisha akapaza sauti ili nisikie kule nilikokuwa nimekaa, kando ya jiko.

"Kaka! Mke wako amerudi! Amerudi bila meno, lakini amerudi!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikacheka, maana huo ni utani wetu wa siku zote. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na babu hutaniwa mpaka mtoto akue. Hata sokoni Nagongera wanaume walinipa mkono wakiniuliza kama mke mdogo ameshaanza kunipikia, au bado ananikojolea tu.

Lakini safari hii utani ulikuwa na uzito wake. Mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, katika mvua zilezile. Kila mtu alijua kwamba msichana wa kwanza kuzaliwa kwa mwanangu angechukua jina la bibi yake. Lilibaki jambo moja tu. Jina la marehemu hutamkwa juu ya mtoto na mwenye marehemu, na mwenye marehemu nilikuwa mimi. Nami sikuwa nimelitamka jina lile tangu siku ya mazishi.

Sikuwa nimeapa. Halikutoka tu. Nilipomzungumzia nilisema "mama watoto", au "mwenye nyumba hii", na watu walinielewa. Mimi si mtu wa maneno mengi. Shule niliishia darasa la saba, na Kiswahili hiki nilikipatia Busia, nikipakia magunia kwenye malori katika ujana wangu. Huko Busia ndiko nilikompata, yeye akiwa ametoka kwao Masaba kuuza mihogo mikavu.

Kulikuwa na kitu kimoja nilichokiogopa, na sikumwambia mtu. Niliona kwamba mtoto akipewa jina lile, litaitwa kutwa nzima. Njoo ule. Toka kwenye matope. Nani amevunja kikombe? Litaitikiwa na sauti nyingine. Na baada ya miaka michache, likitajwa, watu watamwona msichana anakuja mbio, na yule tuliyemlaza kando ya nyumba atakuwa ameshakaliwa nafasi yake. Watu waliona wananirudishia mke wangu. Mimi niliona wanamwondoa mara ya pili.

Mtoto naye alikuwa mlizi. Jua likianza kushuka, anaanza. Mama yake alimbeba, alimwosha kwa maji ya vuguvugu, alimkanda tumbo. Dada yangu alikuwa na jibu lake.

"Mtoto nalia sababu jina yake iko kwa mdomo yako," aliniambia, "na wewe umefunga mdomo."

Mwanangu alikuwa Busia kazini. Nilipompigia simu akasema, "Baba, amua wewe. Nikiamua mimi, shangazi atanila."

Basi ikabidi nizungumze na mke wa mwanangu, jambo ambalo kwetu halifanywi hivihivi. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mke wa mwanawe, hampi mkono, hakai naye benchi moja. Tunaheshimiana kwa kukaa mbali. Kwa hiyo mimi nilikaa nje ukutani, yeye akakaa ndani na mtoto, na dada yangu akasimama mlangoni kuyabeba maneno yetu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Shangazi, mwambie baba mimi sina shida na jina la marehemu," alisema kutoka ndani. Yeye ni wa Busia ya upande wa Kenya na Kiswahili chake kimenyooka. "Lakini kama baba anaona uzito, mimi nilikuwa na la kwangu."

"Anasema ana la kwake," dada yangu akaniambia.

"Nimesikia. Muulize ni lipi."

"Anauliza ni gani."

"Nataka jina la ua, shangazi. Waridi, ama Yasmini, ama Lili. Nimeyaangalia kwa simu, yako mengi na yote ni mazuri."

"Lili ndiyo nini?" dada yangu akauliza.

"Ni ua."

"Umeiona wapi?"

"Kwa simu."

"Na hiyo Yasmini?"

"Pia kwa simu."

Dada yangu akanigeukia. "Kaka, mke wako ataitwa Simu."

Ndani yule binti akaangua kicheko, akakizima haraka kwa heshima. Nami nilicheka mpaka nikapangusa macho. Lakini usiku ule neno "ua" halikuniacha, maana kulikuwa na ua moja nililolijua, na nililijua kwa sababu ya msiba.

Kwetu shamba la njugu, zile ambazo wengine huziita karanga, ni la mwanamke. Mwanaume analima kwa ng'ombe, anaondoka. Kupanda, kupalilia, kuvuna, kuchambua, yote ni yao. Mke wangu alifariki njugu zake zikiwa zimeshashika shamba. Waombolezaji walipokwisha kwenda makwao, nikaona magugu yamezipita. Nikaona aibu. Nilichukua jembe, nikaingia shambani, nikaanza kupiga.

Haukupita muda nikasikia kelele kutoka shamba la jirani.

"Mzee! Wee mzee! Weka jembe chini! Unaua!"

Nilidhani kuna nyoka. Wanawake wawili walikuja mbio, wamekunja gauni zao, na mmoja akanipokonya jembe kama mtu anavyompokonya mtoto kisu.

"Nani alikwambia unapiga jembe njugu yenye maua?"

"Maua gani?" nikauliza.

Wakatazamana. Kisha yule mkubwa, mwanamke ambaye mke wangu alikuwa akipalilia naye kwa zamu, akasema kwa upole, "Piga magoti, mzee."

Nikapiga magoti. Akaufunua mmea kwa vidole, akanionyesha. Ua dogo la njano, dogo kama ukucha wa mtoto, limejificha chini kabisa karibu na shina, na ndani lina mistari myembamba myekundu. Ukisimama hulioni. Akaniambia hufunguka asubuhi, na jua likipanda limeshanyauka. Kisha pale lilipokuwa panatoka kijiti, kinainama, kinaingia ardhini chenyewe, na njugu inafanyika huko chini. Ndiyo maana jembe haliruhusiwi. Ukikata kile kijiti, umekata njugu.

Mimi nimekula njugu maisha yangu yote. Za kuchemsha, za kukaanga, mchuzi wake juu ya viazi. Na nilikuwa mtu mzima mwenye mvi kabla sijaliona ua lake. Mama watoto alikuwa akiliona kila msimu, magoti yamezama kwenye udongo, na jioni anarudi, ananipakulia, wala hakuwahi kuniambia kwamba kule chini kuna kitu kizuri. Labda alidhani najua.

Nilipalilia shamba lile lote kwa mikono. Watu walipita njiani, wakaniona nimepiga magoti kwenye kazi ya wanawake, wakasema huzuni imemwingia kichwani. Niliendelea kung'oa. Tulivuna vizuri, na mbegu niliichagua mwenyewe, moja moja, kama alivyokuwa akifanya. Msimu uliofuata nikaipanda mwenyewe, na ilikuwa imetoa maua yake mjukuu alipoletwa.

Asubuhi nilimwambia dada yangu nimepata jina. Nikamwambia ni lipi. Aliweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua.

"Njugu? Mtoto wa watu anaitwa njugu?"

"Ua lake."

"Na yule wetu? Ukitoa hilo la ua, yule wetu nani ataita?"

"Mimi."

"Wewe?" Hakupiga kelele, na ndiyo maana iliniuma. "Wewe huiti hata sasa, kaka. Tangu tumemzika sijasikia. Mimi nilitaka iitwe hapa nyumbani. Iitwe na watoto. Isikufe."

Alikuwa anasema kweli. Alimpenda wifi yake. Walitukanana na kupendana miaka mingi, wakigombania mwiko mmoja. Nilimwambia tu anipe nafasi nijaribu, na nikishindwa, basi lile jina atalitamka yeye mwenyewe juu ya mtoto, nami sitazuia.

Siku mama na mtoto walipotolewa nje kwa mara ya kwanza, niliomba waletwe shambani mapema, kabla jua halijawa kali. Dada yangu alimbeba mtoto. Mke wa mwanangu alisimama upande wa pili wa mstari, mbali kidogo nami, kama inavyotakiwa. Mtoto alikuwa analia. Niliinama, nikaufunua mmea.

"Shangazi, muulize baba, ndilo hili?" alisema yule binti. Alichuchumaa kutazama. "Dogo hivi?"

"Anasema ni dogo."

"Mwambie ndiyo, ni dogo."

"Mimi nimeomba waridi, nimepewa njugu," akasema, lakini sauti yake ilikuwa na kicheko. Alinyoosha mkono alichume, na dada yangu na mimi tukapiga kelele pamoja.

"Acha!"

Akaurudisha mkono haraka. Nikamweleza, na safari hii nilisahau kupitisha kwa dada yangu. Nikamwambia ua hili halichumwi. Linafunguka asubuhi tu, kisha linainama, linaingia ardhini.

"Halafu?" akaniuliza, naye amesahau.

"Halafu mnakula."

Alikaa akilitazama. Kisha akasema bibi yake mzaa mama alikuwa na shamba la njugu, na yeye alikua akiambiwa asikanyage, bila kuambiwa kwa nini. Akasema, "Sawa, baba. Hili nimeliona kwa macho."

Nikatamka juu ya mtoto jina la ua lile kwa lugha yetu. Hapa siliandiki, ni la kwake, na ukipita kwetu utalisikia likiitwa.

Sasa niseme jambo moja. Dada yangu huwasimulia watu kwamba nilipolitamka, mtoto alinyamaza papo hapo na kufumbua macho. Anasimulia vizuri, na watu hupiga makofi. Mimi nilikuwepo. Hakunyamaza. Alilia shambani, akalia njiani, akalia mpaka tukafika nyumbani na akaendelea kulia jioni kwa majuma mengi, mpaka tumbo lilipotulia lenyewe. Ningependa ijulikane hivyo. Jina lile halikuletwa na kilio wala ndoto. Nililichagua mimi, nikiwa na akili zangu, nikasimama nalo huku analia, na hilo ndilo linalonifanya nitembee kichwa juu.

Kanisani alipata jina la ubatizo alilolitaka mama yake, Waridi, na ni jina zuri. Lakini nyumbani, kisimani na njiani anaitwa la shambani. Alipoanza chekechea, watoto wenzake walilicheka.

"Njugu! Njugu! Tutakukaanga!"

"Kaangeni," akawajibu, "mtaungua mikono."

Mwalimu alinisimulia mwenyewe, akicheka. Nilirudi nyumbani nikasimulia, dada yangu akasema huo mdomo anaujua umetoka kwa nani. Hakulitaja jina. Alinitazama tu.

Msimu huu tulikuwa shambani sote. Dada yangu alikuwa mwisho wa mstari, mke wa mwanangu upande wa pili, mimi na mtoto katikati, tumepiga magoti. Hakuna jembe. Mtoto anang'oa magugu vizuri kwa umri wake, na anajua pa kuweka mkono. Akaniuliza, "Babu, nani alipanda hizi kwanza?"

"Bibi yako."

"Bibi huyu?" Akamwonyesha dada yangu kwa kidole.

"Hapana. Bibi aliyelala kando ya nyumba."

"Anaitwa nani?"

Nikalitaja. Lilitoka polepole, lote, pamoja na la ukoo wake wa Masaba. Hakuna aliyeitika. Hakuna msichana aliyekuja mbio. Mwisho wa mstari dada yangu aliinua kichwa, mikono imesimama kwenye magugu, halafu akakirudisha chini.

Mtoto akalirudia, akilijaribu mdomoni. Akalirudia tena kwa nguvu zaidi, shamba lote likasikia.

"Ni jina zuri," akasema.

"Zuri sana."

"Zuri kama langu?"

"Lako ni lako, na lile ni lake."

Akaona ni sawa. Akasogea mbele kwenye mstari wetu, akiyakwepa maua kwa magoti, nami nikasogea nyuma yake.