Nilimlilia Mzima

Kwetu Tabora, kijijini ninakotoka, turubai lina kazi moja tu. Harusi tunaifanya uani, jua likiwaka linatuwakia, mvua ikija tunakimbilia ndani tukicheka. Lakini mtu akifa, vijana huenda kuazima turubai, wakalifunga kwenye nguzo nne, na wewe uliye mbali ukiliona umeshajua. Hujafika, unaanza kulia. Mwanamke anayefika msibani kimya hutazamwa vibaya. Watu hujiuliza alikuwa na nini na marehemu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyoingia Tandale, Dar es Salaam, nikiwa na miaka sitini na kitu.

Nililetwa na mjukuu. Binti yangu alikuwa anashona nguo kwenye duka la watu pale Mwenge, mume alikwisha kufariki, na mtoto wao wa kike alikuwa na mwaka na nusu. Leo anamwachia jirani huyu, kesho yule. Akaniomba nije. Nikamwambia nitakaa mwezi mmoja nipaone. Pakinifaa, nitabaki. Pasiponifaa, narudi Tabora na mtoto, yeye atakuwa anakuja kumwona sikukuu. Alikubali. Ananijua, neno silisemi mara mbili. Mwezi ule wote akitoka kazini alikuwa ananitazama usoni kwanza kabla ya kumchukua mtoto, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Nyumba ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati, choo na bomba uani. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, Mzaramo, mwenye sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa pili. Chumba cha mbele alikaa mama yake mzazi. Huyo alikuwa amenizidi umri kwa miaka kumi au zaidi, na kutwa alishinda barazani anasuka ukili wa mikeka. Mikono haisimami, mdomo nao hausimami.

Sikupapenda. Cha kwanza kilichonikera ni salamu. Kwetu mdogo akimwamkia mkubwa anapiga goti, wanaulizana habari za nyumbani, za shamba, za mvua, mpaka uji unapoa. Hapa shikamoo inarushwa mtu ameshanipita. Nilikuwa najibu marahaba kwa migongo ya watu. Halafu manunuzi. Kwetu mtu anayenunua unga wa siku moja ni mtu aliyefikwa na jambo. Hapa mke wa mtu mwenye kazi yake ananunua mafuta ya kupimiwa, nyanya tatu, mkaa wa kopo moja, na anarudi anaimba. Nilikaa nikijiuliza, ukiugua kesho hawa wanao watakula nini? Na midomo. Siku ya pili tu mtaa mzima ulishajua goti langu la kushoto linauma. Sokoni kule, wabeba magunia hawakuambii samahani. Mmoja aliniambia, "Pisha bibi, ukigongwa hatuna bibi mwingine." Nilikasirika mpaka jioni.

Lakini aliyenishinda kabisa ni yule bibi wa barazani. Siku ninayofika, begi bado liko kichwani, akaniuliza, "Karibu mpagazi. Hiyo mizigo ya Waarabu umeitua wapi?"

Nilijua anachokifanya. Babu yangu alitusimulia kwamba zamani Wanyamwezi walishuka pwani na mizigo kichwani, wakafika kwa Wazaramo wamechoka na miguu imevimba, na mzaha ukaanzia hapo. Wazaramo ni watani wetu. Wanaruhusiwa kutusema, nasi tunaruhusiwa kuwasema, na hakuna kununa. Lakini mimi utani niliujua wa watu wanaojuana. Mtu hujanijulia hali, hujaniuliza nimelalaje, unanitania? Nikamwambia shikamoo mama, nikaingia ndani.

Kesho yake akaniuliza kama kwetu panya wa kula wamekwisha ndiyo maana nimekuja kuwatafuta wa Tandale. Keshokutwa akasema amesikia Wanyamwezi wakikaa bila mzigo shingo inapotea, basi nikambebee ndoo. Kila asubuhi alikuwa na la kwake. Na kila asubuhi mimi shikamoo mama, napita na mtoto mgongoni. Binti yangu akaniambia nimjibu hata neno moja, kwa sababu mtani asiyejibiwa anajua amechukiwa. Nikamwambia sikuja mjini kucheza.

Wiki ya nne mtoto wa marehemu kaka yangu aliniita kwake Boko nikapumzike. Asubuhi ninayoondoka na mtoto mgongoni, baraza lilikuwa tupu. Ukili upo, mwenyewe hayupo. Nikamsikia anakohoa ndani, kikohozi kile kizito cha kifua cha mtu mzima. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nilisimama pale. Kwetu humpiti mgonjwa bila kumpa pole, hata kama mna kesi baraza la kata. Mimi nikapita. Nilijiambia nikiingia ataanza upagazi wake.

Boko ni kuzuri. Nyumba ina uzio, ina miti, kuna upepo. Watu wake wanatoka alfajiri na kurudi jua limezama. Geti linafungwa. Siku ya tatu niligundua kwamba tangu nifike, ukiacha watu wa nyumba ile, aliyenisemesha ni muuza samaki tu, tena kwa juu ya ukuta. Nilikuwa nimepata ule utulivu niliokuwa nautaka, na ndani ya utulivu wenyewe nilikuwa nasikia kile kikohozi. Hata hivyo uamuzi wangu ulikuwa umeshakaa. Nikampigia binti yangu simu, nikamwambia Jumamosi nakuja kuchukua vitu, Jumatatu naondoka na mtoto. Akasema sawa mama. Akakata.

Jumamosi mchana nikashuka, nikakata kichochoro na mjukuu mgongoni. Nilipofika kona nikaliona turubai.

Lilikuwa limefungwa kuanzia paa la nyumba yetu hadi ukuta wa jirani, limeziba njia yote. Chini yake mikeka, wanawake wamekaa na khanga zao, wanajipepea. Pembeni wanaume wanapanga viti vya plastiki. Moshi wa masufuria makubwa unatoka uani. Hakuna muziki, kwa sababu, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, umeme ulikuwa umekatika saa ile. Nilikuwa nimesikia kwamba mjukuu wa yule bibi ameposwa, lakini kwetu kutoka posa mpaka harusi mtu anaweza kuvuna mara mbili. Hilo halikunipitia kichwani kabisa. Nilichokiona ni turubai, na nilichokisikia ni kikohozi nilichokipita mlangoni.

Nikatua begi. Nikafungua khanga ya pili nikajifunga kiunoni juu ya mbeleko. Nikaanza kulia tokea kona.

Mimi silii ovyo. Mume wangu nilimlilia siku tatu, basi. Lakini siku ile sauti ilitoka nisikokujua. Nikaingia katikati ya mikeka mikono iko kichwani, nikawa namwita yule bibi. Nikasema, mama, umekwenda na mimi sikukujibu. Kila siku ulinifungulia mlango, nikakupita. Nani ataniita mpagazi sasa? Nani ataniuliza mzigo? Ulikohoa, nikakupita, mama, nikakupita. Na mtoto mgongoni akaamka, naye akalia.

Wanawake walikuwa wamenitumbulia macho. Hakuna aliyeitikia kilio, na hapo ndipo nilipoanza kuona. Niliona mikono yenye hina. Nikaona maua ya karatasi yamefungwa kwenye nguzo. Mama mwenye nyumba alitoka mbio na mwiko mkononi, uso umempauka, na nyuma yake binti yangu, ambaye alikuwa uani anasaidia kupika. Bibi harusi alikuwa ndani anavishwa. Kumlilia kilio cha maiti mwali siku anayotoka kwao ni nuksi, na nuksi hiyo haifutwi kwa kusema samahani. Mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi aliinuka, akasema sie tunaondoka. Binti yangu akaniangalia. Sitaisahau ile sura. Ilikuwa ya mtu anayehesabu vyumba vya kwenda kuvitafuta tukifukuzwa.

Basi mlango wa chumba cha mbele ukafunguka. Akatoka yule bibi. Amevaa dera jipya, macho ameyapaka wanja, shavu moja limejaa chakula. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, akamalizia kutafuna taratibu, hana haraka.

"Nyamaza, mpagazi," akasema. "Sijafa. Niko sahani ya pili ya pilau."

Halafu akawageukia watu, akaweka mkono begani kwangu, na mkono ulikuwa mzito kuliko nilivyoudhania. "Mtani wangu huyu, Mnyamwezi. Mwezi mzima namchokoza, hanijibu. Nikasema huyu kanichukia. Kumbe alikuwa ananiwekea. Leo kanijibu, tena mbele ya wakwe."

Watu wakanigeukia mimi. Nikaelewa kwamba mlango ameufungua, lakini kupita ni lazima nipite mwenyewe. Mtani akinyamaza hapo, kilio kinabaki kilio. Nikafuta uso kwa khanga.

Nikasema, "Ningejua tangu kona. Mzaramo hafi siku ya pilau."

Aliyeanza kucheka ni yule mwanamke wa upande wa bwana harusi aliyetaka kuondoka. Wakafuata wote. Vigelegele vikapigwa, mama mwenye nyumba akakaa chini na mwiko wake, anacheka na machozi yanamtoka, sijui ya kipi. La mtani halina nuksi. Hilo hata kwetu ni hivyo.

Lakini lina faini. Bibi akaamua palepale: mpagazi atabeba sanduku la bibi harusi mpaka kwenye gari. Na nililibeba. Gari lilikuwa barabarani kule mwisho wa kichochoro, njia ni ya mtu mmoja mmoja, na mimi mbele na sanduku kichwani, goti linaniuma, sicheki, watu wote nyuma yangu wanapiga makofi na kuimba. Kila mlango niliopita mtu aliniita. Nikagundua wote wananijua. Wale wote niliowajibia migongo.

Jumapili, nilipotoka kanisani, nilikuwa nakunja nguo za mtoto niziweke kwenye begi. Yule bibi akaingia bila hodi, akakaa kitandani, akashika kifua, akakohoa kwanza. Nikampa pole. Ilikuwa na siku sita kuchelewa, lakini niliipa. Akaipokea. Kisha akaniuliza naenda wapi.

Nikamwambia kwangu.

"Unililie mzima halafu uondoke?" akasema. "Siku yangu ikifika, watoto wangu watalia, majirani watalia. Wa kuwachekesha ni nani? Wa kuvaa dera langu akaenda kwa mwendo wangu mbele ya jeneza? Hiyo ni kazi ya mtani. Utaifanyaje ukiwa Tabora?"

Nilitaka kumwambia atafute Mnyamwezi mwingine, wamejaa Dar es Salaam nzima. Lakini hao hakuwachokoza mwezi mzima. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto. Alikuja, akatoa zile nguo, akalichukua begi likiwa tupu, akalipandisha juu ya kabati. Nikamwacha alipandishe.

Sasa mjukuu anakwenda shule, ananifundisha kusoma yale niliyoyaacha darasa la nne. Shikamoo za hapa bado zinarushwa, na bado sizipendi, ila nimezoea kugeuka haraka nimwone mwenye nayo. Mafuta nanunua ya kupimiwa kama wenzangu. Nikipungukiwa, jirani ananimiminia kwenye kikombe, kesho namimina mimi.

Bibi yupo. Kifua kile kile, ukili ule ule. Kila asubuhi ananiuliza kama sijachoka kumsubiri. Namwambia sina haraka, pilau bado halijaiva.

Lile dera la harusi alikwisha kunionyesha lilipo. Liko chini ya godoro, upande wa ukutani.