Namba ya Alphonce

Ninyi wa zahanati mmeona niandike mimi, na mwandiko wangu ni kama kuku kachakura. Salome mwenyewe yupo, ana kompyuta, hamkumwomba. Haya.

Salome ni binti wa mdogo wangu Fransiska, hapa Pito. Anafanya kazi mjini. Ndiye aliyetengeneza programu ya zahanati, ile inayowatumia wagonjwa wa presha ujumbe kwamba dawa zimefika. Mimi, Fransiska na Bertha jirani yetu hatuna simu. Tuliandikisha namba ya Alphonce, fundi baiskeli. Ujumbe ukiingia, anapita kusoma: fulani, njoo.

Baada ya mavuno likawa linakuja jina langu peke yake. Nikamwambia Fransiska twende.

"Siendi kudoea dawa," akasema. "Wakiniita nitakuja."

Hakuitwa. Akaanguka jikoni. Upande mmoja ukafa, na maneno yakaondoka.

Salome akaja. Shikamoo mama mkubwa, marahaba. Nikamweleza habari ya majina. Akafungua kompyuta pale pale kando ya kitanda. Akasema huenda wako wazee wengine wasioitwa, mpaka Laela, na lazima ajue nini kimeharibu kabla hajaanguka mwingine. Kila badiliko la programu limehifadhiwa. Akawa anayatengua moja moja kuanzia la mwisho, na kila akitengua anatuma ujumbe wa kujaribu. Alphonce amekaa mlangoni na simu.

"Jina la huyu bibi tu," anasema. "Bibi, hii zahanati imekuchumbia."

Salome akatengua jingine. Simu ikalia, ikalia tena, ikalia tena.

"Bibi. Bertha. Fransiska," Alphonce akasoma.

"Badiliko hilo la nani?" nikauliza.

"Langu, mama mkubwa. Niliiambia programu, namba ikijirudia ibaki ya mtu mmoja. Nilidhani ni mtu yule yule kaandikishwa mara mbili."

"Na mama yako ana simu?"

"Hana."

Hakulia. Mimi pia sikulia. Akaliondoa badiliko lile kwa watu wote, akafunga kompyuta, akamfuta mama yake mate. Fransiska alikuwa anatazama ukuta.

Kesho yake Bertha aliitwa, akaenda. Fransiska naye aliitwa. Dawa zake alizifuata Salome.

Ndiyo hiyo. Sasa wewe uliyesoma, simama. Nenda kwa mzee wa jirani asiye na simu, muulize dawa alichukua lini. Akisema hajaitwa, mshike mkono mwende, hata akikutukana.