Mama Alivyopanda Paa

Nimekana kwa miaka mingi, lakini ukweli ni kwamba naogopa ngazi. Sasa niko juu ya ngazi bafuni kwangu, mtaani Nyanchwa, nikifungua feni ya kutoa mvuke iliyoungua ili niweke mpya. Inanuka kama jiko la Mama kule Nyamira.

Moshi wa jiko lile ulitutoa machozi kila siku. Asubuhi moja Mama alipanda paa la nyasi akiwa na panga, akalitoboa. Kwetu mwanamke hapandi paa mume akiwa hai; ni kumtakia kifo. Shangazi akapiga kelele kutoka chini, "Shuka! Unamuua kaka yangu!"

"Tunaokufa ni sisi huku jikoni," Mama akajibu, akaendelea kukata. Mimi nilishikilia ngazi, nikimlilia Baba kana kwamba ameshakufa.

"Shuka, mama watoto," mume wangu anasema sasa, mlangoni pa bafu. "Tuite fundi. Watu watasema unataka kunizika."

Nina shahada mbili, na bado nimeing'ang'ania ngazi. Nampigia Mama simu, namweleza.

"Umezima swichi kubwa?"

"Nimezima."

"Basi unganisha waya. Baba yako yuko hapa, anaomba chai."