Kilichobaki Chini ya Migomba

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Nyansiongo katika vilima vya Kisii, mkuu wa kilimo wa tarafa alitazama viatu vyangu vinavyong'aa akaangua kicheko. "Kijana wa ziwani, umekuja kazini au harusini?" Akanipa ndoo na bomba la chuma la kuchotea udongo, akaniamuru nivue viatu. Kufikia jioni viganja vyangu vilikuwa malengelenge matupu. Nyinyi maafisa vijana mnaopima udongo kwa simu, poleni sana.

Kazi ilikuwa hivi. Unachota udongo pembe mbalimbali za shamba, unauchanganya, kisha unapeleka kiasi maabara wakwambie kama una naitrojeni na fosforasi ya kutosha, yaani chakula cha mmea. Mkuu yule hakuwa na subira ya maabara. Alishika donge, akalinusa, akasema, "Huu una uhai." Uhai aliomaanisha ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoozesha majani na samadi na kuvigeuza kuwa chakula cha mizizi. Bila hivyo, aliniambia, kuweka mbolea ni kumlisha maiti.

Baadaye nilihamishiwa Nyaramba. Huko nilimjua Mong'ina Kemunto. Mong'ina ndivyo Wakisii wanavyomwita mama mzee kwa heshima. Alikuwa mjane aliyelea watoto wake kwa migomba ya nyuma ya jikoni. Kila asubuhi alifagia nyumba na ua, na chochote alichozoa, majivu, maganda, makapi ya mahindi, alikitupa kwenye mashina ya migomba. Kila boma lilifanya hivyo. Mikungu yake ilikuwa mizito hadi ikaegemezwa miti, na hakuacha kunitania.

"Bwana Kilimo, wewe una maabara, mimi nina ufagio. Nani kashinda?"

"Wewe, Mama," nilimjibu, na ilikuwa kweli.

Lo! Ufagio ulibaki ule ule, takataka ndizo zilizobadilika. Zikaja paketi za maziwa, mifuko ya sukari, nepi za wajukuu, vyote vikafuata njia ya majivu. Jua likavikausha, jembe likavikatakata mpaka vikawa kama pumba. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, ile ya zamani ilikuwa imeshazama ardhini, na nani angeifuata huko?

Nikiwa nimehamishiwa maabara ya udongo mjini Kisii, nikikaribia kustaafu, Mong'ina aliingia na kopo la udongo wake. Hakutania siku hiyo. Ndizi zake, alisema, zilikuwa nyembamba kama vidole, na mbolea aliyoweka haikusaidia kitu. Shamba hilo ndilo pekee alilotaka kuwaachia wanawe.

Chini ya hadubini tuliona chembe za plastiki za kila rangi. Mkuu wa maabara, mama mkali asiyependa maneno mengi, alinieleza kwamba chembe hizo huvuruga vijinafasi vya hewa na maji udongoni. Vijidudu vingine hupungua, vingine huzidi, na ile kazi ya kuachilia naitrojeni huharibika. "Shamba limechoka kwa mengine pia, na utafiti bado unaendelea," alisema. "Lakini ukimwambia aongeze mbolea tu, utakuwa unamdanganya. Nenda ukamwambie ukweli."

Nikatoka barazani alikokuwa akisubiri, nikamweleza. Mong'ina aliuliza jambo moja tu: "Nitazitoaje?"

"Kubwa utaokota, Mama. Zile ndogo hazitoki."

Alifunika kopo lake, akashukuru, akaondoka. Nimepeleka majibu mengi mabaya kwa wakulima, lakini hilo linaniuma hadi leo. Sote tuliisifu desturi ile njema, na hakuna aliyemwendea mapema kumwambia kwamba takataka si zile tena.

Nimestaafu sasa. Nikipita Nyaramba humsalimu, na tunaokota plastiki pamoja, yeye kwenye kigoda, mimi nimechuchumaa. Juzi alivuta kipande cha paketi ya maziwa, akakipangusa kwa kanga.

"Hii ni ya kitindamimba wangu alipoachishwa ziwa. Leo ana watoto wake."

Kisha akanyoosha kidole kwenye nafasi iliyo kando ya kaburi la mumewe, katikati ya migomba.

"Wataniweka pale, Bwana Kilimo. Mimi nitaoza. Hizi je?"

Niliinama nikaendelea kuokota.